Taja Usiku Wake
(Mhadhara uliotolewa Moshi, mbele ya wapenzi wa muziki wa roki)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni. Wale mliopanda kosta kutoka Arusha mkaja kusikiliza habari za magitaa, karibuni sana Moshi, na poleni na safari.

Wengi mmezoea kuniona nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganya sauti. Kazi yangu ni ufundi mitambo: harusi, kipaimara, mahafali, mikutano ya injili, na bendi ikipita mjini. Miaka yote hiyo nimesikiliza watu wengine wakizungumza, kazi yangu ikiwa ni kuhakikisha wanasikika. Leo nimepewa maikrofoni mwenyewe, nami nina ombi moja.

Kila tunapokutana huwa tunaanza kwa swali lile lile: wiki hii unasikiliza nini? Na majibu huwa, "Nasikiliza Deep Purple," au "Niko na The Who." Jibu hilo halinitoshi. Ni kama kumuuliza mtu jana ulilala wapi, akakujibu, "Nyumbani kwa watu." Watu gani? Mtaa upi? Ukiniambia unasikiliza rekodi ya laivu, nitajie usiku wake. Tarehe, mji, ukumbi. Bendi ile ile, wimbo ule ule, usiku wa pili ni kitu kingine kabisa, na anayejua hivyo anasikiliza kwa masikio mengine.

Nianze na wimbo ambao hakuna asiyeujua humu ndani, hata kama si wa roki. "No Woman, No Cry" wa Bob Marley. Pita stendi, pita kwa kinyozi, utaukuta. Lakini ule mnaoujua, unaoanza na kinanda taratibu huku watu wakiimba kiitikio, si wa studio. Wa studio umo kwenye albamu ya Natty Dread ya mwaka 1974, nao ni mwepesi, una mashine ya mdundo mahali pa mpiga drams. Wimbo uliotushika ulirekodiwa Julai 1975 katika ukumbi wa Lyceum, London. Mashine za kurekodia zilikuwa ndani ya gari, ile studio ya kutembea ya Rolling Stones, iliyokuwa ikipelekwa mahali penye muziki. Umati ule ndio uliougeuza wimbo ukawa vile ulivyo. Kwa hiyo hata mtu anayesema rekodi za laivu zina makelele, kinyozi wake amekwisha kumfundisha kuzipenda.

Sasa roki yenyewe. Twende Leeds.

Tarehe 14 Februari 1970, siku ya Jumamosi, bendi ya The Who ilipiga katika Chuo Kikuu cha Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Mahali penyewe palikuwa bwalo. Bwalo kweli, wanafunzi wanapolia chakula. Mliosoma shule za bweni mnalijua bwalo: sakafu ngumu, kuta tupu, kijiko kikianguka kona hii kinasikika kona ile. Bwalo tupu linamtesa fundi mitambo. Likijaa watu mambo yanabadilika, kwa sababu miili na nguo zinameza sauti, mwangwi unakufa, na muziki unakuja kavu, karibu, kama vile spika iko kifuani kwako. Hivyo ndivyo rekodi ya Leeds inavyosikika. Vyombo ni vitatu tu: gitaa la Pete Townshend, besi ya John Entwistle, drams za Keith Moon. Roger Daltrey anaimba. Hakuna kinanda cha kujaza mapengo wala gitaa la pili la kumfunika anayekosea. Entwistle hapigi besi ya kusindikiza. Anatembea na wimbo kama mpiga solo, na ndiyo maana watu watatu wanasikika kama sita.

Ziara yao ya Marekani ya mwaka 1969 nayo ilirekodiwa, onyesho baada ya onyesho. Townshend akaona hawezi kukaa kuzisikiliza tepu zote zile, na yeye mwenyewe amesimulia kwamba aliagiza zichomwe moto. Kila nikilikumbuka hilo roho inaniuma. Basi wakapanga usiku miwili mipya: Leeds Jumamosi, Hull Jumapili.

Tepu za Hull zilipofunguliwa, besi haikuwemo kwenye nyimbo za mwanzo. Haikunaswa. Hull ikawekwa kando, Leeds ikatolewa mwezi Mei mwaka ule ule. Imepita miaka 40, mwaka 2010, Hull nayo ikatoka. Pale palipokuwa na pengo walichukua besi ya Leeds wakaipachika. Mnaliona jambo hilo? Mpiga besi wa Jumamosi anapiga na mpiga drams wa Jumapili, katika mji mwingine, na wanakutana. Walikuwa wamezipiga nyimbo zile usiku mwingi sana pamoja hata mwendo wao ukawa mmoja. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilisimamisha, nikarudia, nikatafuta mshono.

Jalada la santuri ya Leeds lilikuwa karatasi ya kahawia tu, kama zile rekodi za magendo zilizokuwa zikiuzwa kichochoroni. Na kwenye lebo, kwa mwandiko wa mkono, kulikuwa na agizo kwamba mikwaruzo inayosikika ni sawa, isirekebishwe. Mikwaruzo ile ilikuwa ya hitilafu ya mitambo. Wakaiacha.

Agizo lile laiti ningelisoma mapema. Mwaka jana nilirekodi bendi moja hapa Moshi, maeneo ya Majengo, kwenye ukumbi wa baa wenye paa la bati. Maikrofoni mbili tu nilizifunga juu ya nguzo, kama hatua kumi kutoka jukwaani. Wimbo wa nne ulikuwa rumba nzito. Ulipofika dakika ya sita mvua ikashuka, ile mvua ya masika isiyobisha hodi. Bati likaanza kunguruma. Mpiga solo akasogea kwenye spika yake akaongeza sauti, mpiga drams akaacha vijiti vyepesi akashika vizito, na waliokuwa wamekaa nje barazani wakaingia ndani wote kwa pamoja, meza zikiburuzwa. Dada mmoja mhudumu anasikika waziwazi akisema, "Kaka, sogea kidogo nipitishe kreti." Halafu watu wote waliokimbia mvua wakajikuta wako mbele ya jukwaa, basi wakacheza.

Nilifika nyumbani nikaingiza kazi yote kwenye programu ya kusafisha sauti. Nikaondoa bati, nikaondoa meza, nikaondoa kreti. Nilifanya kazi usiku mbili. Simu haikuwa na nafasi, nikafuta rekodi ya mwanzo nikabaki na hii safi. Nikampelekea mpiga solo. Akanipigia kesho yake, sauti imempoa, akaniuliza, "Fundi, mvua iko wapi?"

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akitafuta sababu ya kuongeza sauti kwenye dakika ya sita, kwa sababu katika rekodi yangu safi gitaa lake linapanda ghafla bila maana yoyote, kama mtu anayefoka peke yake. Sababu niliifuta mimi.

Wazee waliocheza dansi enzi zile watanielewa. Radio Tanzania Dar es Salaam iliziingiza bendi zetu studioni, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na tunaishukuru mpaka leo, maana bila hiyo tungekuwa na nini? Lakini wimbo wa dakika tano redioni ulikuwa ukifika robo saa ukumbini, na ile robo saa sehemu kubwa imekwenda na waliokuwepo.

Wako waliokataa iende. Bendi ya Grateful Dead ya Kalifornia ilikuwa ikipiga kila usiku tofauti, na mashabiki wakaanza kuingia na mashine zao za kurekodia. Bendi nyingi zingewafukuza. Hawa, Oktoba 1984, waliwatengea kabisa eneo lao nyuma ya fundi mitambo, wasimamishe nguzo zao za maikrofoni bila kumziba mtu. Masharti yalikuwa rahisi: badilishaneni, msiuze. Kaseti zikazunguka kwa posta kutoka mji hadi mji, na juu ya kila kaseti, kabla hata ya jina la wimbo, kumeandikwa nini? Tarehe na mahali. Mashabiki wale hawakuwa wakiulizana umesikia wimbo fulani. Walikuwa wakitaja tarehe kama sisi tunavyotaja mechi ya watani.

Sisi hapa tulibadilishana kwa kaseti, tukaja kwa flashi na memori kadi, sasa ni simu kwa simu. Faili inanifikia imeandikwa "Track 07". Tafadhali sana. Kabla ya kumpa mwenzako, iandike jina.

Kuna mwenzetu mmoja aliniuliza wiki iliyopita kama rekodi hizi zote ni za kweli. Swali zuri. Mwimbaji Johnny Cash wa Marekani alirekodi katika gereza la Folsom tarehe 13 Januari 1968, na ile shangwe ya wafungwa inayosikika baada ya mstari wa wimbo unaotaja kuua mtu mjini Reno iliongezwa baadaye. Wafungwa hawakushangilia pale. Albamu ya laivu ya Thin Lizzy ya mwaka 1978 nayo ina mgogoro wake: mtayarishaji Tony Visconti alisema robo tatu yake ilifanywa upya studioni, bendi ikakataa, na ubishi haujaisha. Mimi Thin Lizzy naisikiliza na kuipenda. Ile shangwe ya Folsom ndiyo inayonikera, kwa sababu imewawekea watu hisia ambazo hawakuwa nazo, na watu wenyewe ni wafungwa, ambao hawakuwa na namna ya kusema, "Hapana, sisi tulikaa kimya."

Deep Purple waliporekodi Osaka na Tokyo, Agosti 1972, kampuni ilitaka kitu cha kuuza Japani tu. Mwimbaji Ian Gillan na mpiga gitaa Ritchie Blackmore hata kwenye kuchanganya sauti hawakwenda; walikwenda mpiga besi Roger Glover na mpiga drams Ian Paice. Kati ya nyimbo kuna mahali sauti ya jukwaani inamwomba fundi mitambo afanye kila kitu kisikike zaidi ya kila kitu kingine. Ombi hilo nimepewa kwenye kila harusi tangu nianze kazi hii, na bwana harusi akiwa serious kama wao.

Na mwana wa Zanzibar nisimpite. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, anaachia sauti tupu, bila neno, na uwanja mzima unamrudishia. Anaikunja, wanaikunja. Anaivuta, wanaivuta. Aliyekulia kwenye ngoma au kwenye kwaya ya usharika hahitaji kuelezwa pale kinafanyika nini. Ukitaka kuupima ukumbi wowote duniani, sikiliza jibu la watu, siyo swali la mwimbaji.

Sasa nami nijibu swali letu, maana nimewadai nyinyi tu.

Wiki hii nasikiliza Grateful Dead, Jumapili, 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton, Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca, jimbo la New York. Aliyerekodi ni mwanamke, Betty Cantor-Jackson, fundi wao. Dada zetu mnaotaka kujifunza mikisa, lishikeni jina hilo. Tepu zake nyingi ziliishia kwenye ghala la kukodi, kodi haikulipwa, na mwaka 1986 zikapigwa mnada kama mizigo mingine. Nyingine ziliingia ukungu. Mashabiki wakazinunua, wakazisafisha, wakazinakili, wakazisambaza. Usiku huu wa Cornell uliishi miongo mingi kwenye mikono ya watu namna hiyo mpaka Maktaba ya Bunge la Marekani ikauingiza kwenye rejista yake ya sauti za taifa, orodha ya mwaka 2011. Albamu rasmi ilitoka 2017.

Usiku ule theluji ilianguka, mwezi Mei, watu wakiwa hawajajiandaa. Sisi theluji yetu iko kule juu Kibo, tunaitazama asubuhi mawingu yakiruhusu. Wale iliwashukia pale pale mjini. Wapiga drams ni wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart. Wanaanza "Scarlet Begonias", halafu bila kusimama, bila mtu kutangaza chochote, besi ya Phil Lesh inabadilika chini kwa chini na wimbo unakuwa mwingine: "Fire on the Mountain". Nyimbo zote mbili pamoja ni kama dakika 25. Mimi bado natafuta ni wapi hasa mmoja unaishia na mwingine unaanzia, na nimesikiliza mara nyingi.

Nimekuja na betri, umeme ukikatika tunaendelea. Kijana uliye karibu na swichi, punguza taa. Madirisha ya huku barabarani yaacheni wazi, bodaboda zisikike. Na wewe mama wa mstari wa mbele, nikizima hii, zamu ni yako: unasikiliza nini, na ilikuwa usiku gani?