Oili Safi kwa Presi ya Mawese: Tuanzie Kwenye Pipa

Karibuni, mafundi na wenye mashine. Leo tupo Mwandiga, Kigoma, kwenye mashine ya kukamua mawese. Presi hii inasukumwa na oili ya haidroliki, na oili hiyo ikichafuka, pampu na vali ndizo zinazoumia.

Tutoke nje kwanza, kwenye pipa. Tazama juu yake: mvua ya usiku imetuama na kizibo kimezama. Mchana pipa likipata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Likipoa jioni, huvuta hewa, na hapa litavuta maji, hata kama kizibo umekikaza. Kwa hiyo kausha maji, kisha lilaze pipa. Vizibo viwili vikae usawa mmoja, kushoto na kulia, ili oili ivifunike kwa ndani. Weka matofali lisibingirike. Mwenye stoo, aliingize ndani kabisa.

Sasa tangi. Zima mashine, shusha presi, presha iishe. Futa kuzunguka mfuniko kabla ya kuufungua, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Tenga dumu na faneli za oili hii peke yake, ukizifunika baada ya kazi. Ndoo ya mawese hapana, tafadhali.

Mafundi wengi humimina oili mpya moja kwa moja, na hapa nawasihi sana: mpya haimaanishi safi. Chembe za uchafu za maikroni 5 hadi 15 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita) zinatosha kukwangua pampu, na jicho halizioni, kwani uwezo wake unaishia kwenye maikroni 40 hivi. Chujio la chai litazipitisha zote. Tumia pampu ya mkono yenye filta, hivi, taratibu.

Kile kifuniko chenye matundu juu ya tangi ni cha kupumulia. Kiangazi vumbi letu jekundu hukiziba. Kibadilishe, usikitoe ukaacha tundu wazi.

Tumalizie na maji. Chota oili kidogo chini ya tangi. Ikiwa na weupe wa maziwa, maji yameshaingia. Ukiwa na shaka, vaa miwani, dondosha tone moja tu kwenye bati la moto. Umesikia linavyochachatika? Hayo ni maji. Usiwashe presi: toa oili yote, tafuta yalikopitia, safisha tangi, badili filta, ndipo ujaze. Ile chafu itie kwenye dumu lenye mfuniko, usiimwage mtaroni, maana maji ya huku huishia Ziwa Tanganyika.