Betri ya miaka 50, mbona dukani haipo?

Haya jamani, shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana wa nyuma mambo vipi, mnanisikia? Poa.

Kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu, ati Wachina wametoa betri ya nyuklia inakaa miaka 50 bila kuchaji, mdogo wangu kanitumia kaandika "bro tumepona na huku kukatika katika". Betri ipo kweli, kampuni yao ya Betavolt iliitangaza 2024, ila mbona hamna anayeuliza inatoa nguvu kiasi gani? Maikrowati 100, yaani wati moja uigawe mara elfu kumi uchukue kipande kimoja. Chaja ya kawaida inatoa wati 5, sasa pigeni hesabu, unataka betri 50,000 za vile kuchaji kisimu kimoja, utazibeba na toroli?

Mnakumbuka bibi zetu huku uchagani usiku walikuwa hawazimi moto, wanafukia kaa kwenye majivu, asubuhi unapuliza tu unawaka. Kwa kaa lile huivishi ndizi, lakini joto lipo usiku kucha. Plutoniamu 238, metali ya mionzi inayotumika kwenye betri nyingine za nyuklia, ndo hivyo hivyo, ila hii hamna wa kupuliza wala wa kuizima, atomu zinavunjika zenyewe zinatoa joto, miaka kama 88 ndo inapungua nusu, we unachofanya unaweka kifaa upande mmoja kinagusa joto upande mwingine baridi na umeme unatembea, hamna mvuke, hamna kitu kinazunguka. Chombo cha anga cha Wamarekani, Voyager 1, kiliondoka 1977 na umeme wa namna hiyo, wati kama 470, yaani hata pasi ya nyumbani haiwashi, na kimepita sayari zote bado kinaongea na Marekani.

Waingereza wao wamefuata takataka za nyuklia zenyewe. Vinu vyao vya zamani vya nyuklia vimeacha grafaiti, ile ya kwenye penseli, ya kufa mtu na ndani kuna kaboni 14, kaboni yenye mionzi, watu wa Chuo Kikuu cha Bristol wakawaza si tuigeuze almasi inayotoa umeme, Desemba 2024 wakaonyesha betri ya kwanza ya kaboni 14. Hiyo inapungua nusu kwa miaka kama 5,700! Ila gramu moja ya kaboni hiyo kwa siku inatoa nishati ya jouli 15 hivi, na wati moja inakula jouli moja kila sekunde. Taa ya wati 5 inawaka sekunde 3, halafu usubiri kesho.

Eeh mzee, nimekusikia, unauliza kama ni joto tu si tuletewe huku tuote. (Watu wanacheka.) Msicheke, yametokea. Warusi enzi za Sovieti walitengeneza mitambo ya joto kama ule wa Voyager, ila ya strontiamu 90, nayo ina mionzi, ya kuwashia taa za kuongozea meli na vituo vya redio porini, halafu ikatelekezwa. Desemba 2001 huko nchi ya Georgia, iliyokuwa ndani ya Sovieti, karibu na kijiji cha Lia, wanaume watatu waliokuwa wanatafuta kuni wakakuta vitu viwili vidogo vya moto, kumbe vimetoka kwenye mitambo ile, theluji imeyeyuka pembeni, wakaona bahati hiyo, wakalala navyo. Usiku huo huo mionzi ikaanza kuwatapisha. Ngozi ya mgongo iliharibika vibaya, na mmoja alifariki 2004.

Kwa hiyo nyie wa vyuma chakavu, nawaona pale mlangoni, ukikuta kachuma kana joto lake kenyewe na hamna jua wala moto, usikapime kilo. Rudi nyuma, zuia watoto, wapigie polisi simu, wataita watu wa Tume ya Nguvu za Atomiki, wapo hapo Njiro Arusha.