Anayebaki Baada ya Vipaza Sauti Kuondoka

MCHUNGAJI: Bwana Yesu asifiwe, msikilizaji wetu uliye Mbeya, Njombe, Iringa, Songwe na kokote unakotusikiliza. Mimi ni mchungaji wa usharika wa vijijini katika milima ya Makete, na niliye naye hapa ni Mama Mwalimu, aliyefundisha shule za msingi kwa miaka mingi na ambaye sasa ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja, yaani tawi dogo la usharika, upande wa Busokelo, wilayani Rungwe. Shikamoo, Mama.

MAMA MWALIMU: Marahaba, Mchungaji. Amina, asifiwe Bwana. Habari za baridi ya huko kwenu?

MCHUNGAJI: Tunamshukuru Mungu, Mama, ingawa asubuhi hii majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Leo tunazungumza juu ya injili katika vijiji vidogo, vile ambavyo gari halifiki wakati wa masika na ambavyo mchungaji hufika mara moja kwa mwezi, pengine hata baada ya miezi miwili. Ningependa tuanze na jambo ulilonieleza juzi kwa simu, lile la mkutano wa injili uliofanyika kijijini kwenu.

MAMA MWALIMU: Ulikuwa mkutano mzuri, wala sisemi haya kwa kuwalaumu waliokuja. Walifika na jukwaa, jenereta na vipaza sauti vilivyosikika mpaka ng'ambo ya mto, wakahubiri siku tano, kwaya zikaimba, na watu wengi wakainua mikono kumpokea Kristo. Siku ya sita gari liliondoka. Miezi mitatu baadaye nilikaa na daftari la majina nikaanza kuhesabu ni nani bado anakuja ibadani, na nikagundua kwamba karibu wote waliobaki walikuwa ni wale ambao mwinjilisti wetu aliwafuata nyumbani kwao, akakaa nao jikoni, akajua shamba lao liko wapi na mgonjwa wao ni nani. Mahubiri yaliwaamsha, lakini aliyewalea ni mtu anayeishi nao.

MCHUNGAJI: Hilo nami nimeliona, na ninaamini historia ya nyanda hizi inatufundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1891 wamisionari kutoka Ujerumani, wa Kimoraviani na wale wa Misioni ya Berlin, walifika Unyakyusa wakipitia Ziwa Nyasa, wakagawana eneo, Wamoraviani upande wa magharibi wakianzia Rungwe na wa Berlin upande wa mashariki, na baadaye hao wa Berlin wakapanda kwenda Ukinga, Ubena na Uhehe. Habari hizo husimuliwa kila tunapoadhimisha miaka ya kanisa. Kinachosimuliwa kwa uchache ni kilichotokea mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa.

MAMA MWALIMU: Na hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920.

MCHUNGAJI: Naam. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, kutoka ng'ambo ya ziwa, walisaidia kuziangalia kazi zile, lakini walikuwa wachache na eneo lilikuwa kubwa mno. Waliosimamia ibada Jumapili baada ya Jumapili, waliofundisha watoto kusoma na waliowazika wafu walikuwa walimu na wazee wa vijiji vyenyewe, watu waliobatizwa miaka ishirini tu iliyotangulia au hata pungufu ya hapo. Wajerumani waliporudi walikuta kanisa bado liko. Jambo hilo likajirudia katika Vita ya Pili, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa tena. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani aliyeipanda injili milimani huku, siwezi kuwataja waliokuja na meli peke yao.

MAMA MWALIMU: Bibi yangu alikuwa akisema kwamba baba yake alifundisha darasa la ubatizo chini ya mti kwa kitabu kimoja tu, ambacho wanafunzi walikipokezana mkono kwa mkono. Nilipokuwa mtoto nilidhani anasimulia umaskini. Sasa ninaelewa kwamba alikuwa anasimulia uaminifu.

MCHUNGAJI: Mama, waeleze wasikilizaji wa mjini mwinjilisti anafanya nini hasa, maana wapo wanaodhani ni mtu wa kusoma matangazo tu.

MAMA MWALIMU: Mwinjilisti wa mtaa wetu huamka kabla ya jua na kugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, ndiyo kengele yetu. Anaongoza liturgia, anahubiri, anafundisha watoto wa kipaimara, anaandika wageni na wahitaji, na anaombea wagonjwa. Asichoruhusiwa ni kutoa sakramenti kama mchungaji, kwa hiyo anaandaa watu ili wewe ukifika uwakute tayari kwa Chakula cha Bwana. Baada ya hayo yote anakwenda shambani kama sisi sote, kwa sababu posho yake hutokana na sadaka, na sadaka ya kijijini ni ndizi, maharage, kuku na debe la mahindi, ambavyo huuzwa kwa mnada pale nje baada ya ibada. Mwaka ambao mvua imeharibu maharage, posho yake nayo imeharibika.

MCHUNGAJI: Na msiba?

MAMA MWALIMU: Hapo ndipo penyewe. Katika Unyakyusa mtu hupimwa msibani. Unaweza kuhubiri miaka kumi, lakini usipoonekana kwenye msiba wa jirani, maneno yako yameisha. Mwinjilisti wetu hufika usiku ule ule, hulala pale na wanaume, hubeba maji na kuchimba kaburi. Nimeona mzee mmoja aliyekataa kanisa maisha yake yote akaanza kuja baada ya kumzika mke wake, na nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba hakuna aliyemwambia aje. Aliona tu nani alibaki baada ya watu kutawanyika.

MCHUNGAJI: Kwetu Makete msiba ulikuwa na sura nyingine, na ninalisema hili kwa uchungu. Mkoa wa Njombe umebeba mzigo mkubwa wa virusi vya UKIMWI kuliko mikoa karibu yote ya nchi. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, na ule wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Nyuma ya tarakimu hizo kuna bibi mwenye wajukuu watano, na mvulana wa miaka kumi na minne ambaye ndiye baba wa nyumba. Kulikuwa na miaka ambayo katika kijiji kimoja tuliimba mazishini kila wiki. Katika hali hiyo huwezi kuja na mahubiri juu ya dhambi ya marehemu. Wako waliofanya hivyo mbele ya watoto, nami niliwasikia, na wale watoto wamekuwa watu wazima ambao hadi leo hawaingii kanisani.

MAMA MWALIMU: Hilo jeraha linapona taratibu sana.

MCHUNGAJI: Linapona pale mtu anapofika na dumu la maji, au anapomsindikiza mgonjwa kliniki kuchukua dawa bila kumuuliza aliupataje ugonjwa. Akina mama wa jumuiya zetu walianza hivyo bila kuagizwa na mtu yeyote. Ndugu zetu Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki, jambo ambalo maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati walilipa kipaumbele mwaka 1976, na kusema kweli tumejifunza mengi kwao. Watu wanaokutana sebuleni kwako hawawezi kukosa kujua kwamba unga umeisha.

MAMA MWALIMU: Mchungaji, ninaomba niliguse jambo la waliotengwa, hata kama baadhi ya wasikilizaji hawatapendezwa. Vijijini kwetu wako wanandoa wengi wanaoishi pamoja miaka kumi au ishirini, wana watoto, lakini ndoa yao haijabarikiwa kwa kuwa mahari haijakamilika, au kwa kuwa wanaona aibu kufunga ndoa bila nguo nyeupe na chakula cha wageni. Hao hawashiriki Meza ya Bwana. Wanakaa viti vya nyuma, kisha wanakaa nje, kisha hawaji. Tunakodi jukwaa ili kuwatafuta waliopotea ng'ambo ya mto, na hali waliopotea ni jirani zetu tuliowasukuma kidogo kidogo.

MCHUNGAJI: Kanuni ya kanisa juu ya ndoa ninaiheshimu, na sidhani unataka tuifute.

MAMA MWALIMU: La, sitaki ifutwe. Ninataka mlango wa kurudi kundini uwe mfupi. Mwaka jana tulikubaliana kubariki ndoa sita kwa siku moja, katika ibada ya kawaida ya Jumapili, kila mmoja akiwa na nguo yake safi aliyo nayo, na chakula kikawa makande ya mtaa mzima. Bibi harusi mmoja alikuwa na wajukuu wawili. Alilia tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, nasi tukalia naye.

MCHUNGAJI: Na alifunga ndoa kwa lugha gani?

MAMA MWALIMU: Mchungaji wetu alisoma kwa Kiswahili, lakini bibi aliapa kwa Kinyakyusa, maana alisema ahadi hiyo anataka aielewe hadi mifupani.

MCHUNGAJI: Nimeuliza kwa sababu lugha ni jambo tunalolipita haraka mno. Kiswahili kimetuunganisha, nami sitaki kukipunguza. Lakini mgonjwa akiwa katika saa zake za mwisho haombi kwa Kiswahili. Kwetu anaomba kwa Kikinga. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na kazi kubwa inayoendeshwa kutoka Mbeya, ambapo watafsiri wa madhehebu mbalimbali wanafanya kazi bega kwa bega kutafsiri Maandiko katika lugha jirani, zikiwemo Kisafwa, Kimalila, Kindali, Kivwanji, Kibena na Kikinga. Nilisoma sehemu moja kwa Kikinga pembeni ya kitanda cha mzee aliyekuwa hasemi tena, na midomo yake ikaanza kunifuatisha.

MAMA MWALIMU: Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa hao watafsiri. Sasa turudi kwa mwinjilisti, maana nisiposema hili leo nitalala vibaya. Kijana anayemaliza chuo cha Biblia anakuja kijijini akiwa na moto, na baada ya miaka miwili anaondoka kwenda Mafinga kupasua mbao au Tunduma kufanya biashara, kwa sababu ana mke na watoto na posho haitoshi sabuni. Hajaikimbia injili. Sisi ndio tuliomwacha peke yake.

MCHUNGAJI: Katika usharika wetu tumeamua jambo moja dogo. Kila jumuiya italima kipande cha viazi kwa ajili ya mwinjilisti wa mtaa wake, ipalilie, ivune na kuuza, na fedha zimfikie mkononi zisipitie mahali pengine. Mitaa mitatu imeshaanza. Mtaa wa nne ni ule wa juu kabisa, wenye kaya chache, na wazee wake walisema hawana nguvu kazi kwa sababu vijana wao wote wameondoka.

MAMA MWALIMU: Mkawajibuje?

MCHUNGAJI: Wale wa mitaa mitatu watapanda mlimani Jumamosi hii kuwalimia. Mbegu imeshatangulia kwa pikipiki, nami nitatembea nao kuanzia saa kumi na moja alfajiri, jembe langu liko begani.