Waifai ya nyumbani, kabla hujalipia spidi kubwa zaidi

Haya jamani, naona tumeshakaa, tuanze. Mtu akiona video inazungukazunguka kitu cha kwanza ni kupigia kampuni simu aongezewe spidi, anatoka Mbps 20 anaenda 100, halafu chumbani inakwama vilevile. Na kampuni haijamdanganya, zile 100 zinafika kweli, zinafikia kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta mpaka kitandani kwako ni hewa, na hewa haina kifurushi.

Kwa hiyo usiguse setingi yoyote kwanza. Chomeka laptopu kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta, pima spidi. Chomoa, pima kwa waifai ukiwa hapohapo, kisha nenda kwenye kile chumba korofi upime tena. Kama hata kwa kebo ni mbovu achana na mambo ya antena, shida iko kwenye laini, hapo ndo upige simu. Kama kebo iko poa ila chumbani hakuna kitu, shida ni yako ya ndani na utaimaliza mwenyewe. Halafu Mbps ni megabiti kwa sekunde, gawanya kwa 8 upate megabaiti, maana kuna mtu analalamika ana Mbps 40 lakini faili linashuka megabaiti 5 tu kwa sekunde, ndugu yangu hiyo ndo 40 yako yote!

Sasa hiyo hewa. Kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya redio ambayo ruta inaongelea, kwa kawaida kifaa kimoja tu ndo kinaongea kwa wakati mmoja, vingine vyote vinasubiri zamu, na ruta ya jirani ikiwa chaneli hiyohiyo nayo iko kwenye foleni yenu. Simu iliyo mbali signali yake ni dhaifu, basi inalazimika kutuma taratibu, data ileile inachukua muda mrefu zaidi hewani na wote mnaisubiri imalize, ndo maana mtu aliyejikunyata kona ya mwisho ya nyumba anaweza kuharibu kikao cha video cha mtu aliyekaa pembeni kabisa ya ruta. Waifai 6, yaani kizazi cha sita cha waifai, imepunguza hilo kwa kuruhusu vifaa kadhaa kugawana zamu moja, ila simu nayo iwe ya Waifai 6, ukinunua ruta mpya ukabaki na simu za zamani faida hiyo hutaiona sana.

Ukishaelewa habari ya zamu, dawa ya kwanza wala sio ruta mpya, ni kutoa hewani vitu visivyotembea. Tivii haitembei, kompyuta ya mezani haitembei, vipe kebo. Kebo ya mtandao aina ya Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, nyumba gani hiyo haitoshi? Mi naona kebo inadharauliwa tu kwa sababu haipendezi ukutani.

Bendi nazo, yaani masafa ya redio ambayo waifai inatumia: ya gigahezi 2.4 inafika mbali na inapenya kuta vizuri, ila imejaa, na hata maikrowevu inafanya kazi humohumo kwenye gigahezi 2.45 hivi, ikiwashwa utaona mwenyewe. Chaneli zisizoingiliana pale ni 3 tu, yaani 1, 6 na 11. Kuna wajanja wanachagua 3 wakiona haina mtu, kumbe wanagombana na wa 1 na wa 6 wote, na ni mbaya zaidi kwa sababu mkiwa chaneli moja mnasikiana mnasubiriana, mkipishana nusunusu kila mmoja anasikia kelele tu. Kaeni kwenye hizo 3, upana wa chaneli megahezi 20, basi. Bendi ya gigahezi 5 ina nafasi kubwa ila zege inaimaliza haraka, kwa hiyo ruta itoke kabatini na nyuma ya tivii, ikae juu katikati ya nyumba.

Dada pale nyuma anauliza ripita, kile kifaa cha kurudia signali ya ruta ifike mbali. Ripita ya kawaida inapokea na kutuma kwa redio moja, kila kitu kinapita hewani mara mbili, hapo spidi inakatika karibu nusu. Na usiiweke kwenye chumba kisicho na signali, itarudia nini sasa? Iweke nusu ya njia. Ukiweza kuivutia kebo kutoka kwenye ruta ndo bora kabisa, hata meshi, yaani vile vifaa kadhaa vinavyosambaza waifai moja nyumba nzima, ni hivyohivyo.

Na yule mwenye spidi nzuri ila gemu inagandaganda: angalia kama kuna simu inapandisha picha zake kwenye mtandao. Upande wa kupandisha huwa mwembamba, ukijaa pakiti, yaani vipande vya data, zinapanga foleni ndani ya ruta na pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, inapaa hata kama kushusha bado kuna nafasi. Kama ruta yako ina SQM, setingi ya kupanga hiyo foleni isijae, iwashe, weka kikomo chini kidogo ya spidi halisi ya laini, kama asilimia 90 hivi. Utapoteza spidi kidogo, gemu itatulia.

La mwisho ni la kaka aliyelalamikia ruta yake: kaka, hiyo ruta yako isiyovuka Mbps 54 hata ukiikalia. Fungua setingi za usalama, nahisi iko kwenye WEP au TKIP, njia za zamani za kufunga waifai, hizo zinairudisha kwenye viwango vya zamani. Weka njia mpya zaidi, WPA2 ya AES, au WPA3 kama ipo, halafu pima tena.