M.2 Si Kasi: Kuchagua Njia ya SSD kwa Kompyuta ya Mezani

Mabibi na mabwana, habari za jioni, na asanteni kwa kufika.

Swali tulilopewa linaonekana dogo: mtu ana kompyuta ya mezani, anataka kuitia SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani zinazozunguka, achukue ya SATA au ya NVMe? Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkaungoja mpaka mwisho: ubao mama ndio unaochagua. Anayeanza kwa kupenda diski, kisha akaanza kuitafutia pa kukaa, ndiye anayejikuta na kifaa kizuri kisichoonekana kwenye BIOS, ile programu ya ubao inayoanza kabla ya mfumo.

Tuanze kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvitia kapu moja. Kuna umbo, kuna njia, kuna lugha. Umbo ni kile unachokishika mkononi: kisanduku cha inchi 2.5, kijibao chembamba cha M.2, au kadi nzima. Njia ni pale data inapopita, yaani SATA au PCIe. Lugha ni itifaki ambayo mfumo hutumia kuiagiza diski: AHCI kwa SATA, NVMe kwa PCIe. Sasa sikilizeni vizuri: M.2 ni umbo tu. Kijibao cha M.2 kinaweza kuwa SATA mle ndani, na kasi yake ikawa ileile ya kisanduku cha inchi 2.5. Mtu akikwambia “nina M.2, kwa hiyo nina kasi”, muulize kwanza ni M.2 ya nini.

SATA ya toleo la tatu hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde. Kila baiti yenye biti 8 husafirishwa kwa biti 10, kwa hiyo gawa kwa 10, unapata megabaiti 600 kwa sekunde. Toa gharama za itifaki, zinabaki kama 550. Ndiyo maana SSD za SATA, ya bei ya juu na ya bei ya chini, karibu zote zimeandikwa 550 au 560 kwenye boksi. Zote zimegonga dari moja. Na hiyo AHCI iliundwa enzi ya diski za sahani zinazozunguka, ina foleni moja ya amri 32. Kwa sahani na kichwa cha kusomea kinachohama huku na huku, amri 32 zilitosha na kubaki.

NVMe, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011, inaruhusu foleni hadi 65,535, kila moja ikibeba hadi amri 65,536. Hakuna kompyuta ya mezani itakayojaza foleni hizo. Faida ya kweli ni kwamba kila kiini cha prosesa hupata foleni yake, bila kusubiri zamu ya mwenzake.

Njia ya PCIe huhesabiwa kwa mikondo, na SSD nyingi za NVMe hutumia minne. Kizazi cha 3 hupitisha karibu megabaiti 985 kwa mkondo, kwa hiyo minne inakaribia 3,900, na diski nzuri hutoa kama 3,500. Kizazi cha 4 ni mara mbili: diski zake bora hufika 7,000 na ushee. Kizazi cha 5 ni mara mbili tena, na humo utakuta diski za 10,000 hadi 14,000.

Namba tamu hizo. Lakini zinapimwa wakati diski inasoma faili moja kubwa mfululizo, huku foleni ikiwa imejaa. Kompyuta inapowaka, au unapofungua kivinjari, kinachosomwa ni vipande vidogo vya kilobaiti 4, vimetawanyika, na mara nyingi kimoja baada ya kingine. Katika kazi hiyo SSD nzuri ya SATA hutoa megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, na NVMe nzuri 60 hadi 90. Kinachochelewesha hapo ni chipu zenyewe za kuhifadhia, ambazo huhitaji makumi ya maikrosekunde kutoa jibu. Ukipanua barabara, dereva mmoja hafiki haraka zaidi kama kilichomchelewesha ni kufunguliwa geti. Diski ya sahani, kwa kulinganisha, haifiki hata megabaiti 2 katika kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo hatua kubwa ni kutoka kwenye sahani kwenda SSD yoyote ile. Kutoka SATA kwenda NVMe utaona tofauti, lakini hutashangaa. Kutoka kizazi cha 3 kwenda cha 5, mtu wa barua pepe na majedwali hataona chochote. Atakayeona ni mhariri wa video zenye ukubwa wa kutisha, anayeendesha kompyuta pepe kadhaa kwa pamoja, au anayehamisha mamia ya gigabaiti kila siku. Na huyo naye akumbuke kwamba unakili huenda kwa mwendo wa diski iliyo dhaifu kati ya mbili. Chanzo kikiwa SATA, hiyo NVMe yako itasubiri tu.

Ushauri wangu: kama ubao una sloti ya M.2 yenye NVMe, diski ya mfumo iwe NVMe ya kizazi cha 3 au cha 4, kulingana na sloti. SATA ibaki kwa bao za zamani na kwa hifadhi ya pili. Kizazi cha 5 kina joto jingi kuliko manufaa kwa watu wengi. Mwenye kazi yake anajijua.

Sasa tuingie kwenye ubao mama, maana mitego yote imelala huko. Fungua kitabu cha maelezo cha ubao wako, si tangazo lake, utafute jedwali la hifadhi.

Tazama kwanza kila sloti inakubali nini. Nyingine hupokea SATA na PCIe, nyingine PCIe tu, na chache SATA tu. Watu husoma mapengo kwenye meno ya kijibao: pengo la M, pengo la B, au yote mawili. SSD ya M.2 SATA mara nyingi ina mapengo mawili, kwa hiyo inaingia vizuri kabisa kwenye sloti ya M. Inaingia, inakaa, na haionekani popote, kwa sababu sloti ile ni ya PCIe tu. Haiungui, lakini haifanyi kazi. Tena zipo NVMe za mikondo miwili zenye mapengo hayohayo mawili, kwa hiyo pengo si ushahidi. Soma lebo. Na ile sloti fupi ya kadi ya Wi-Fi, yenye pengo la E, si ya SSD, iacheni.

Kisha uliza mikondo inatoka wapi. Sloti iliyounganishwa na prosesa ina njia yake peke yake. Iliyo chini ya chipseti, ile chipu ya ubao inayounganisha vifaa vingine na prosesa, inagawana njia moja na milango ya SATA, USB na mtandao. Kwenye bao za Intel zenye chipseti ya Z390, kwa mfano, njia hiyo nzima ina upana wa mikondo minne ya kizazi cha 3, kwa hiyo ukiunganisha NVMe mbili chini yake ukitegemea kasi mara mbili, utapata kasi ya moja. Kwenye B550, chipseti ya AMD, sloti ya kwanza inaweza kuwa ya kizazi cha 4, wakati ile ya chipseti ni ya kizazi cha 3.

Na prosesa nayo ina kauli yake. Ukiweka prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, kwenye B550, sloti ile ya kwanza inashuka hadi kizazi cha 3, kwa sababu prosesa hiyo haina PCIe ya kizazi cha 4. Kibaya zaidi ni prosesa ya Intel ya kizazi cha 10 kwenye ubao wa Z590 au B560: sloti ya M.2 inayotegemea prosesa haifanyi kazi kabisa, kwa kuwa mikondo yake ilikuja na prosesa za kizazi cha 11. Mtu hudhani diski imekufa, anairudisha, anapewa nyingine, na hiyo nayo “imekufa”.

Jambo jingine ni kile ambacho sloti inanyang'anya. Kwenye bao nyingi, ukijaza sloti fulani ya M.2, milango miwili ya SATA inazimwa. Kitabu kinasema, lakini kwa maandishi madogo chini ya jedwali. Kwenye bao za Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 zenye sloti ya M.2 ya kizazi cha 5, mikondo yake inachukuliwa kutoka kwa kadi ya picha, ambayo hushuka kutoka 16 hadi 8.

Urefu nitaupitia haraka: 2280 maana yake milimita 22 kwa upana na 80 kwa urefu, nao ndio wa kawaida. 2242 na 22110 zipo pia. Hakikisha nguzo ya skrubu ina tundu la urefu wako.

Wenye kompyuta za zamani wana habari yao. Ubao ambao UEFI yake, mrithi wa BIOS, haijui NVMe hautaweza kuwasha mfumo kutoka humo, hata kama Windows au Linux ikishawaka inaiona diski vizuri. Bao nyingi kabla ya kizazi cha Z97 cha mwaka 2014 ziko hivyo. Mfumo uwe kwenye SATA, na NVMe, ukiitaka, iwe ya data kupitia kadi ya adapta. Kadi hiyo iingie kwenye sloti yenye mikondo minne ya kweli. Kuna sloti ndefu kwa macho ambazo ndani zina mkondo mmoja tu, na mkondo mmoja wa kizazi cha 2 ni megabaiti 500, chini ya SATA yenyewe. Adapta ya kubeba SSD nne mara nyingi hudai ubao uweze kuigawa sloti ya mikondo 16 iwe mafungu manne ya mikondo minne. Usipoweza, itaonekana SSD moja tu. Kwa upande wa SATA, tafuta mlango wa gigabiti 6. Wa gigabiti 3 utakufunga kwenye 270 hivi, ingawa hata hapo utakuwa umepata uhai mpya ukilinganisha na sahani.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Zima, chomoa umeme, gusa chuma cha kasha. Ondoa kipoza joto cha sloti, sogeza nguzo kwenye tundu la 80, ingiza kijibao kikiwa kimeinama kama nyuzi 30 mpaka meno ya dhahabu yakaribie kuzama yote, kilaze, kaza skrubu taratibu. Skrubu hiyo ni ndogo mno, ya kipenyo cha milimita 2, na kichwa chake huharibika kwa bisibisi isiyolingana nacho. Kabla ya kurudisha kipoza, bandua nailoni kwenye pedi ya joto. Ikibaki, joto halipiti, kidhibiti kinafika nyuzi 80 hivi na kuanza kujipunguza mwendo, kisha mtu analaumu diski. Lebo ya SSD yenyewe usiibandue. Dhamana huishia hapo.

Unapoweka Windows upya, chomoa diski nyingine zote kwanza. Usipofanya hivyo, kisakinishi kinaweza kuweka kigawanyo cha kuwashia kwenye diski ya zamani, na siku ukiitoa, mpya haiwaki. Kama kisakinishi hakioni NVMe kwenye Intel ya kizazi cha 11 kuendelea, angalia kama VMD, teknolojia ya Intel ya kusimamia diski za NVMe, imewashwa kwenye UEFI: izime, au mpe kisakinishi draiva yake. Windows 7 haina draiva ya NVMe ya asili, msihangaike nayo.

Mwisho wa kufunga, thibitisha. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo huonyesha hali mbili zikitenganishwa na mstari: inayotumika sasa na ile ambayo diski inaiweza. Kwenye Linux, lspci -vv ina mstari wa LnkSta: kasi ya 8 GT/s ni kizazi cha 3, 16 cha 4, 32 cha 5. Pima diski ikiwa kazini, maana ikipumzika njia inaweza kujishusha ili kuokoa umeme. Ukiona mikondo miwili badala ya minne, rudi kwenye jedwali la ubao, kisha chomoa kijibao ukichomeke upya.

Maswali yamekwisha kuletwa, nichukue mawili.

La kwanza: NVMe isiyo na DRAM, yaani kumbukumbu yake ya haraka, ni mbaya? Si lazima. Nyingi huazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta, makumi ya megabaiti, na kwa matumizi ya kawaida hutosha. Mimi ningeogopa zaidi diski ya QLC, yaani yenye biti nne kwa kila seli, iliyokaribia kujaa. Kashe yake, sehemu ya haraka inayopokea data kwanza, ikiisha katikati ya unakili mrefu, uandishi unaweza kushuka chini ya SATA, hata kama boksi limeandikwa maelfu. Njia pana haisaidii hapo.

La pili: nikinakili diski yangu ya SATA yote kwenda NVMe, itawaka? Kwa Windows 10 na 11, mara nyingi ndiyo, lakini kwanza angalia kama diski ya zamani ni MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski. Kama ndiyo, weka nakala rudufu ya data, endesha mbr2gpt, zana ya Windows ya kuigeuza kuwa GPT, mtindo mpya, kwa /validate kwanza, kisha kwa /convert, na uhamishie ubao kwenye UEFI. Kompyuta ikishawaka hivyo, nakili. Halafu zima, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kwa sababu diski mbili zenye kitambulisho kimoja hugombana na Windows huitoa moja kazini. Mpya ikiwaka peke yake mara mbili tatu bila kusita, irudishe ya zamani na uifute.