Gigabaiti Zako Hazijaibwa

Asanteni. Leo nianze na lalamiko ninalolisikia kila mara: mtu kanunua flashi ya GB 64, kaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, ikamwonyesha 59.6. Anajua kapigwa.

Kabla ya kumshika muuzaji, tuanzie chini. Biti ni 0 au 1, basi. Mwanahisabati Claude Shannon alilitumia neno hilo kwenye makala yake ya 1948, akisema kalipata kwa mwanahisabati mwenzake, J. W. Tukey. Biti 8 ni baiti moja, yenye uwezo wa kubeba thamani 256 tofauti. Hiyo nane ni makubaliano tu. Iliota mizizi baada ya IBM kutoa kompyuta zake za System/360 mwaka 1964.

Andikeni ng'ombe. Herufi sita na ritifaa, kila moja baiti yake: baiti 7, yaani biti 56. Lakini simu ikijifanya mjuaji, ikaweka ile ritifaa iliyopinda, alama hiyo peke yake inakula baiti 3 katika UTF-8, utaratibu wa kugeuza herufi kuwa baiti. Jumla 9. Ng'ombe ni yuleyule, kanenepa tu.

Sasa flashi. Mwenye kiwanda anahesabu kwa makumi: giga yake ni 1,000,000,000, kwa hiyo 64 zake ni baiti 64,000,000,000. Windows inazidisha 1,024 kwa 1,024 kwa 1,024, ikapata 1,073,741,824, na hiyo ndiyo inayoiita giga. Gawanyeni wenyewe: 59.6. Hakuna baiti iliyopotea njiani. Mimi lawama naipeleka kwa Windows, si kwa muuzaji. Tangu 1998 shirika la viwango la IEC lilishaipa hesabu hiyo ya pili jina lake, gibibaiti, lakini kwenye skrini bado inaandikwa GB. Mac walihamia hesabu ya makumi mwaka 2009, ugomvi wakaumaliza.

Penye intaneti ndipo watu wanaumia kweli. Tangazo linasema Mbps 40, yaani megabiti 40 kwa sekunde; hiyo b ndogo ni biti. Gawa kwa 8: megabaiti 5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1 itakuchukua dakika 3 na sekunde 20, si sekunde 25 kama ulivyodhani, na hapo watoto chumba cha pili hawajafungua video zao.