Stesheni ya Moshi: Tuusome Umri Wake Kabla ya Kupaka Rangi

Shikamooni wazee. Vijana, habari za asubuhi.

Kabla ya ngoma na maturubai ya sherehe ya stesheni yetu, tumalize ubishi wa tarehe yake. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893 ukaenda kwa kusuasua: Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18, yaani haifiki hata kilomita 20 kwa mwaka. Uzinduzi rasmi ulifanyika mapema 1912. Kwa hiyo anayehesabu kutoka 1911 na anayehesabu kutoka 1912 wote wana hoja. Kibao cha kumbukumbu kiseme wazi "reli ilifika" au "njia ilizinduliwa", maana neno "ilianzishwa" ndilo linaloleta ugomvi. Ndugu zetu wa Arusha hawana shida hiyo: kwao reli ilifika 1929, hesabu yao ni nyepesi.

Sasa kuta za stesheni. Kishawishi cha kila kamati ni kupiga lipu ya saruji wiki mbili kabla ya sherehe, kisha rangi ya mafuta juu yake. Inapendeza siku ya picha. Chukueni msumari kwanza, mkwaruze kona iliyojificha: lipu ya zamani ikitoka kirahisi kama unga, hiyo ni chokaa, na saruji haitakiwi hapo. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa nje. Ukiufunika kwa saruji, maji hukwama ndani, chumvi husukuma kwa nyuma, na masika ya pili lipu inadondoka vipande vipande, ikibeba na uso wa ukuta wa asili.

Mchanganyiko ni chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, sehemu 1 kwa mchanga msafi sehemu 3. Lowesha ukuta kwanza. Kila koti, yaani tabaka la lipu, lisizidi milimita 10, na lifunikwe kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa haikauki kama saruji. Hukomaa taratibu kwa kunyonya hewa ukaa. Jua kali likiiwahi, inapasuka. Rangi iwe chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, makoti matatu au manne. Kama sherehe ni Februari, kazi hii iishe Oktoba, kabla ya vuli.

Reli zenyewe ndizo shajara nzuri kuliko ukuta. Kwenye shingo ya reli, ule ubavu mwembamba, kiwanda huacha jina lake na mwaka kwa herufi zilizoinuka. Alama hizo zitafuteni kwenye njia za pembeni: njia kuu ikifanyiwa ukarabati, reli zake chakavu huhamishiwa huko. Ndiyo maana mwaka unaousoma ni wa chuma, si wa njia ile. Kuzisoma, brashi laini na chaki vinatosha, na mwanga wa asubuhi unaopita kwa ubavu. Grainda, ile mashine ya kusaga chuma, hapana! Dakika moja tu, maandishi ya miaka mingi yamekwisha.

Treni za abiria zilirudi Moshi Desemba 2019, basi kamba iwekwe mita 2 kutoka ukingo wa jukwaa la kupandia treni, na ratiba ya hotuba ipangwe pamoja na mkuu wa stesheni. Hata njia ya pembeni haikanyagwi bila ruhusa yake; tukishapata, mwenye chaki aje nayo.